Ndiyo ya Kudra

Kila asubuhi, adhana ikiwa bado haijaisha, Kudra alikuwa ameshakunja godoro na kulisimamisha ukutani. Ilikuwa lazima. Chumba chao kilikuwa kimoja tu, na pale alipolala yeye na mdogo wake ndipo mama yao, Bi. Tunu, alipokandia unga wa maandazi ya kuuza. Godoro lisipokunjwa hakuna maandazi, na maandazi yasipokaangwa hakuna chakula. Kudra alimwaga maji yaliyojaa kwenye beseni chini ya bati lililotoboka, kisha akatoka kwenda kupanga foleni ya choo.

Foleni ile haikuwa mzaha. Nyumba ya Mzee Salumu, pale Mtaa wa Nyamigere pembezoni mwa mji wa Kasulu, ilikuwa na vyumba vinane vya kupangisha na choo kimoja cha shimo chenye mlango wa gunia. Kodi ilipanda kila mwaka, gunia likabaki lile lile. Wapangaji walinung'unika, wakalipa. Wangeenda wapi? Nyumba mpya zilikuwa zikiota kila upande wa mji, lakini zilikuwa za wenye nazo.

Kwenye foleni Kudra alimkuta Benita, rafiki yake wa chumba cha pili, waliyekaa naye dawati moja darasa la sita. Mama yake Benita, Bi. Therese, aliuza maharage sokoni. Walikuwa wametoka Mabamba, kule Kibondo mpakani na Burundi, na Kiswahili chao kilikuwa na mdundo wa huko. Watoto wasio na adabu waliwaita Warundi. Kudra alikuwa hawavumilii hata kidogo. "Mabamba ni Tanzania," alizoea kuwafokea. "Nendeni mkasome ramani!"

"Tukipata zile nyumba," Benita alisema asubuhi hiyo, "mimi nataka yetu iwe ubavuni mwa yenu."

"Na choo kila mtu chake," Kudra akajibu, wakacheka huku wakibana matumbo.

Nyumba walizozizungumzia zilikuwa habari ya mtaa mzima. Kulikuwa na ushirika wa nyumba uliokuwa tayari kujenga nyumba ndogo za vyumba viwili viwili kwa ajili ya wapangaji wa kipato cha chini. Mtu angelipa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka nyumba iwe yake, na majirani wangesaidia kusomba mawe na mchanga ili gharama ishuke. Eneo lilikuwepo, uwanja wa wazi nyuma ya mikaratusi. Sharti lilikuwa moja tu: wakazi wa mtaa wakubali katika mkutano. Wasipokubali, ushirika ungekwenda kujenga kwingine. Bi. Tunu alikuwa ameshajiandikisha, na Bi. Therese vilevile. Jioni Bi. Tunu alikuwa akikaa mlangoni akiwaza kwa sauti mahali atakapoweka jiko.

Siku chache kabla ya mkutano, Kudra alitoka shule akachukua ndoo, akapita uwanjani kuelekea bombani. Aliwakuta wanaume wawili wakivuta kamba na kuchomeka vigingi. Mmoja alikuwa fundi mkuu wa ushirika, Fidele, mwenyeji wa Kibondo, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa.

"Kambi tutaiweka hapa, chini ya mikaratusi," Fidele alimwambia mwenzake. "Maji yako karibu. Mkutano ukishapita tu, malori yataleta watu."

Sasa, kwa mjenzi yeyote, kambi ni mabanda ya mabati wanamolala vibarua na kuhifadhi saruji. Fidele alikuwa amesema maneno hayo katika miji mingi na hakuna aliyeshtuka. Lakini huku kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Watu wa Kasulu na Kibondo wameishi miaka mingi jirani na Nyarugusu na kambi nyinginezo, na ukisema "kambi" sokoni, hakuna anayekuuliza kambi ya nini. Kambi ni ya wakimbizi. Na malori ya kuleta watu, kila mtu mzima wa huku ameyaona.

Kudra alifika bombani akiwa bado anajiuliza maana ya alichokisikia. Foleni ilikuwa ndefu, na kama kawaida wanawake wazima walikuwa wakisogeza ndoo zao mbele ya za watoto bila hata kuomba radhi. Jambo hilo lilimkera siku zote. Ndipo alipofungua mdomo.

"Jamani, kumbe pale uwanjani wanaweka kambi?"

Gumzo lilikatika. Wote wakageuka, hata yule aliyekuwa akikinga maji.

"Kambi?" aliuliza Mama Shadia, mwanamke ambaye kwa kawaida hakuitikia hata salamu ya mtoto. "Kambi ya wakimbizi?"

Kudra hakujua. Jibu la kweli lilikuwa fupi na lisingemgharimu kitu: sijui. Lakini macho yote yalikuwa kwake, watu wazima walikuwa wanamngoja yeye, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kumtokea tangu azaliwe.

"Ndiyo," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Mkutano ukishapita tu, malori yanawaleta."

"Hee! Lete ndoo yako mwanangu, kinga wewe kwanza," alisema Mama Shadia, akasukuma yake pembeni. Kudra akakinga wa kwanza. Alirudi nyumbani na ndoo imejaa pomoni, na niseme ukweli, alijisikia vizuri sana.

Uongo wa mtaani hauhitaji nauli. Jua lilipozama, kwenye duka la Abdalah watu walikuwa wakisema mahema yameshafika. Kesho yake ikawa nyumba zile ni geresha tu, wanajengewa wageni. Mzee Salumu alipoisikia habari hiyo alimchinjia jogoo mtu aliyemletea. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mwenye vyumba vinane vya kupangisha na choo cha gunia, wapangaji wakipata nyumba zao, yeye atampangisha nani? Tangu siku hiyo alikwenda mlango hadi mlango akionya. "Mashamba yenu yataisha. Kuni zitaisha. Mkinyoosha mkono kukubali, msije kulia kwangu."

Bi. Tunu alimwita binti yake ndani, akafunga mlango.

"Niambie vizuri, Kudra. Wamesema wakimbizi, au umeongeza wewe?"

Hapo palikuwa na nafasi ya pili. Lakini Kudra alifikiria bombani, alifikiria atakavyochekwa, akaangalia chini.

"Wamesema, mama."

Bi. Tunu alishusha pumzi ndefu. Jioni hiyo hakusema tena juu ya jiko.

Benita naye alimuuliza, wakiwa njiani kwenda shule. "Kudra, eti ni wewe? Watu wanatutazama vibaya. Mama amerudi na maharage yake yote jana."

"Mimi sikuwataja nyie," Kudra alijibu haraka.

Hilo lilikuwa kweli, na halikusaidia kitu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika darasa kubwa la shule. Watu walijaa mpaka madirishani, na Kudra alikuwa dirisha mojawapo pamoja na watoto wenzake. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Anaclet, alieleza mpango wa nyumba kwa utulivu, lakini hakufika mbali.

"Kambi je?" mtu alipiga kelele. "Tuambie ya kambi!"

Fidele alisimama akiwa ameshangaa. "Ndugu zangu, kambi niliyoitaja ni ya mafundi. Mabanda ya kulala vibarua. Tukimaliza kujenga tunayabomoa."

Darasa zima likaangua kicheko, kicheko kibaya kisicho na furaha. Mzee Salumu akainuka. "Juzi zilikuwa nyumba. Leo ni kambi ya mafundi. Kesho mtatuambia ni kambi ya skauti!"

"Impunzi hizo," alisema bibi mmoja, akiwataja wakimbizi kwa Kiha, "zikishafika haziondoki." Cha ajabu ni kwamba bibi huyo mwenyewe, zamani za vita vya nchi jirani, aliwahi kuwalaza wakimbizi jikoni kwake na kugawana nao mihogo. Hofu humfanya mtu asahau hata wema wake.

Mzee Anaclet aliomba watulie. "Nani kasikia neno wakimbizi? Asimame huyo mtu."

Hakuna aliyesimama. Watu waligeuza shingo wakitafuta, wengine wakaanza kunong'ona. Pengine hapo ndipo uongo ule ungekufa. Ndipo Bi. Tunu aliposimama, khanga yake imefungwa vizuri, mikono imeshikana.

"Hakuna mtu humu ndani anayeitaka nyumba ile kuliko mimi," alisema. "Bati langu linavuja, na wote mnajua. Lakini Kudra wangu amesikia kwa masikio yake, na mwanangu hasemi uongo. Siwezi kuchukua nyumba kwa kuuza mtaa."

Akanyoosha mkono kukataa. Baada yake mikono iliinuka kama nyasi baada ya mvua. Pale dirishani Kudra alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Mzee Anaclet alihesabu mikono, akafunga mkutano, na Fidele akakunja michoro yake.

Watu walipokuwa wakitoka, Bi. Therese alimsogelea fundi yule na kumpa pole kwa Kiha cha kwao. Vijiji vyao vilikuwa jirani, ni jambo la kawaida kabisa. Lakini Mama Shadia alimgusa mwenzake ubavuni. "Umeona? Wanajuana hao."

Basi ikatosha. Sokoni meza ya Bi. Therese ilianza kurukwa kana kwamba maharage yake yana sumu. Watu aliowahi kuwakopesha walipita upande wa pili. Haikuchukua muda Mzee Salumu akasimama mlangoni pa mama huyo.

"Mama, hama. Sitaki kufungwa kwa kuhifadhi wakimbizi."

"Mkimbizi gani, mzee wangu?" Bi. Therese aliingia ndani, akatoka na kitambulisho chake cha taifa. "Soma. Nimezaliwa Mabamba, baba yangu kazikwa Mabamba."

Mzee Salumu hakukipokea. "Siku hizi hata vitambulisho vinanunuliwa," alisema, akaenda zake.

Walihama siku ya Jumapili, mchana kweupe. Bi. Therese alibeba godoro kichwani, Benita alibeba sufuria na begi la shule. Majirani walikuwa milangoni. Kudra alikimbia akamshika Benita mkono.

"Usiondoke. Nitazungumza nao."

Benita aliutoa mkono wake taratibu. "Siku ya mkutano nilikuona dirishani," alisema. "Nilijua utasema. Mpaka mwisho nilikuwa nakungoja wewe."

Wakaondoka. Kudra alirudi chumbani, akamkuta mama yake akikanda unga, na akamwambia yote bila mpangilio: bomba, ndoo, Mama Shadia, ile ndiyo. Alikuwa akilia kwa kwikwi. Bi. Tunu aliacha kukanda.

"Mimi nilisimama mbele ya watu wote," alisema, "nikakuwekea dhamana."

Hakumpiga. Kudra alitamani angempiga. Bi. Tunu alinawa mikono, akajifunga khanga, akamshika binti yake mkono mpaka nyumbani kwa Mzee Anaclet.

Mzee Anaclet alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika shavu. "Utayasema haya mbele ya watu?" alimuuliza Kudra.

"Nitasema, babu."

Mkutano wa pili ulikuwa na watu wachache. Uongo ulikuwa umejaza darasa, ukweli ulijaza nusu yake. Kudra alisimama mbele, akasema, "Fundi hakusema wakimbizi. Mimi niliulizwa nikajibu ndiyo, na nilikuwa sijui. Nilimdanganya mama yangu pia. Naombeni msamaha." Mama Shadia alipata ghafla kazi ya kumfuta mtoto wake kamasi. Mzee Salumu alisema kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka na habari ile, na watu walimtazama mpaka akakaa.

Wakapiga kura upya, wakakubali. Lakini ushirika ulikuwa umeshahamishia nusu ya nyumba mjini Kibondo, ambako wakazi walikubali mara moja na kuanza kusomba mawe. Zilizobaki Nyamigere zilikuwa chache, na baadhi ya wapangaji waliokuwa wamejiandikisha walikosa. Walimfahamu aliyewakosesha. Shuleni Kudra alipewa jina jipya, Redio Kambi, nalo lilimkaa mwaka mzima.

"Jina la Mama Benita bado liko," Mzee Anaclet alitangaza. "Nyumba yake ipo. Nani atakwenda Mabamba kumwambia arudi?"

Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja.

"Tutakwenda sisi," alisema Bi. Tunu.

Walikwenda wakati wa likizo, wakapitia Kibondo, ambako kuta za ile nusu ya nyumba zilizohamishwa zilikuwa zimeshafika kwenye linta, juu ya madirisha. Kudra aliziona kupitia dirisha la basi, akageuza uso. Mabamba waliwakuta Bi. Therese na Benita wakipura maharage uani kwa mjomba wake Benita, ambako walikuwa wamepewa chumba kimoja. Walikaribishwa vizuri, wakapewa maji ya kunawa, ugali wa muhogo na maharage. Benita alimwambia Kudra, "Karibu, mgeni," akarudi kwenye fimbo yake ya kupuria. Kudra hakuwahi kudhani kwamba neno karibu linaweza kuuma.

Baada ya kula, alipiga magoti mbele ya Bi. Therese. Alikuwa amejiandalia maneno mengi safarini, lakini yaliyotoka ni mawili. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwana wanje, mwanangu," alisema Bi. Therese. "Inuka, utachafua gauni."

"Na nyumba yako ipo," Bi. Tunu akadakia kwa furaha. "Ubavuni mwa yangu! Mwenyekiti anakungoja. Watu wamejuta, mwenzangu. Rudi."

Bi. Therese aliokota punje za maharage zilizoruka nje ya mkeka, moja moja, akazirudisha.

"Sirudi, Mama Kudra."

"Lakini ni nyumba! Vyumba viwili, choo chako mwenyewe!"

"Najua. Na Mungu anajua jinsi ninavyoihitaji." Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kudra. "Lakini nyumba ni ile unayoweza kuugua ndani yake ukapiga ukuta, jirani akaja. Siku ile nilipita katikati ya mtaa na godoro kichwani. Niliowakopesha walikuwa milangoni. Niliowashikia watoto walikuwa milangoni. Hata wewe, mwenzangu, ulikuwa ndani unakanda unga. Hakuna aliyesema, mama, lete nikupokee. Watajenga kuta, waweke bati zuri, lakini mimi nitapiga ukuta gani?"

Bi. Tunu alijifunika uso kwa khanga. Pembeni, fimbo ya Benita ilikuwa imenyamaza.

Bi. Therese akamvuta Kudra karibu, akamshika kidevu amtazame.

"Wewe ni mtoto, nisikilize. Mtu mkubwa akikuuliza jambo usilolijua, mwambie sijui. Hata kama mtaa mzima unakutazama, hata kama utaonekana mjinga, sema sijui. Haina aibu, na ingetuacha sote pale pale. Umesimama mbele ya watu ukakiri, na hilo nimelisikia mpaka huku, nimefurahi. Wewe umeshajifunza." Akamwachia, akarudi kwenye mkeka wake. "Wale wakubwa waliotaka kukuamini, hao ndio sijui watajifunza nini."

Basi la kurudi lilikuwa linapita saa nane. Bi. Therese aliwafungia maharage kwenye mfuko, akawasindikiza hadi barabarani. Benita hakuja.